Ubeti Mmoja kwa Betri ya Sagalla

Shangazi,

Ninaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lako, zile ulizoziacha tupu. Nilitaka kuyasema haya pale kaburini Mraru, nikashindwa. Baba hunisindikiza, mbwa wa jirani wanabweka, halafu nasahau nilichokuja nacho. Wewe unajua nilivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa pili nilisimama mbele ya kamati ya maji kule Sagalla, nikasema kwamba kazi yako ya mwisho ilikuwa mbovu. Nilisema mimi, kwa mdomo huu ambao ulikuwa ukiubembeleza hata useme hodi. Na waliniamini mara moja, kwa sababu wote wanajua ni nani aliyenifundisha.

Nimeshairekebisha, Shangazi. Nakuambia mapema usije ukasoma huku moyo unakudunda. Lakini nataka uijue habari yote, pamoja na zile sehemu zinazoniaibisha.

Kwanza mambo ya huku. Mtihani niliumaliza. Walinificha habari yako mpaka karatasi ya mwisho. Nilipotoka darasani nilimwona Baba getini amevaa koti la kanisani, na ilikuwa siku ya katikati ya juma, ndipo nikajua kuna kitu. Ulikuwa na siku nne tangu uzikwe. Sikulia pale. Nilimuuliza tu nani alifunga kibanda, akasema Mama Rehema fundi cherehani ndiye aliye na ufunguo. Nikashukuru. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

Kibanda bado kipo. Kikombe chako kisicho na mkono bado kimejaa skrubu. Vumbi jekundu la Voi linaingia kama kawaida, na kila asubuhi nalipangusa kwa kile kitambaa cha kanga yako iliyozeeka. Watu wanaendelea kuja na kuuliza, "Madam yuko?" Mimi nasema, "Hayupo." Neno lile jingine linanikwama. Mzee mmoja wa Maungu aliitikia, "Basi nitarudi kesho," akaenda zake, nami nikamwacha aende. Kesho yake alirudi. Hapo ikabidi nimwambie. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi lako muda mrefu, kisha akaniachia kompyuta yake bila kusema ina ugonjwa gani.

Mara nyingi nikikaa pale nakumbuka ulivyokuwa ukiwafanyia wale wanaume wa mara ya kwanza. Mtu anaingia na mashine kwapani, anakupita kama hakuoni, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nawe unamjibu kwa upole, "Ametoka kidogo, niachie mimi nitampa." Akirudi jioni anaikuta imepona, nawe unamwambia, "Fundi amesema usiimwagie chai tena." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo. Hukuwahi kumwaibisha hata mmoja. Uliwaacha wagundue wenyewe, na waligundua, na ndio walioandika jina lako kwenye kile kibao nje: MADAM KOMPYUTA. Baba anasema ulipokuwa karani wa kupiga chapa, kompyuta zilipoletwa wenzako wote walirudi nyumbani kwa uchungu. Wewe uliomba ile iliyokufa kwanza, ukaifungua ujue ni kitu gani hiki kilichokufukuza kazi. Nikiwa na hofu huwa nakumbuka hilo.

Sasa betri.

Unakumbuka ndilo somo la kwanza ulilonipa? Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili. Ulifungua kompyuta kuukuu ya shule moja, ukanionyesha kwenye bodi yake kile kiduara cheupe kama sarafu. Ukasema hii ndiyo inayoishikia kompyuta saa na tarehe wakati stima haipo. Stima ikiwa imewashwa ukutani, saa inanyonya huko. Swichi ikizimwa, kiduara hiki kinabaki peke yake na mzigo. Kikichoka, kompyuta inaamka asubuhi ikidhani ni mwaka ule ilipotengenezwa, na inakuandikia ujumbe wa kulalamika kabla ya kuwaka.

Halafu ukanionyesha namna ya kupima, na hapo ndipo nilipocheka, nawe hukucheka. Uliweka betri mezani, ukaiunganisha na ile taa nyekundu ndogo uliyoitoa kwenye redio iliyokufa, ukagusisha mita ya kupimia umeme pande mbili, kisha ukaanza kuimba. Wimbo wa kwaya ya akina mama, ubeti wa kwanza, sauti ya pili, taratibu, macho yako kwenye namba. Ulipomaliza ubeti ukasema, "Haijashuka chini ya volti mbili na nusu. Hii ni nzima." Nikakuuliza kwa nini usitumie saa ya ukutani. Ukanijibu kwamba saa ya ukutani ya kibanda hicho nayo ni mgonjwa anayesubiri zamu, lakini mtu aliyeimba sauti ya pili miaka yote hiyo hawezi kukosea urefu wa ubeti.

Na ukaniambia maneno ambayo ningeyashika nisingekuwa naandika barua hii: "Usipime betri ikiwa imepumzika, Wakesho. Kila mtu ana nguvu akiwa ameketi. Ipe kazi kwanza, kisha uitazame."

Mimi nilijifunza yote isipokuwa kuimba. Ukiwepo wewe, uliimba wewe. Ukiwa umetoka, nilihesabu kimoyomoyo, na nadhani nilikuwa nahesabu haraka.

Mwezi wa pili, siku ya Jumanne, Mama Mwenyekiti wa kamati ya maji alinitumia bodaboda. Unamjua, yule mrefu anayezungumza kama anaita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alisema kompyuta ya ofisi ya maji imewagombanisha watu na nije niangalie, kwa kuwa ni wewe uliyeitengeneza mwisho, mwezi wa kumi, na mimi ndiye niliyebaki.

Nilipanda pale nyuma nimebeba mkoba wako. Ni mara yangu ya kwanza kuubeba peke yangu. Ni mzito kuliko nilivyofikiri.

Walinieleza yaliyotokea. Lile jedwali ulilowatengenezea, linalotazama tarehe ya kompyuta na kusema wiki hii ni zamu ya upande wa juu au ya bondeni, lilikuwa likifanya kazi vizuri tangu uliposhuka huko. Kila Jumatatu asubuhi Mama Mwenyekiti huwasha, anachapisha karatasi, anaibandika mlangoni, na koki inafunguliwa kufuatana nayo. Hakuna ugomvi, kwa sababu karatasi haina ndugu. Lakini Jumatatu ile Mzee Mwadime, mlinzi wa ofisi, alikuwa ameteremka Voi kliniki ya macho. Mama Mwenyekiti aliwasha mwenyewe, akaona ujumbe wa kulalamika, akabonyeza kitufe kama ulivyomfundisha, akachapisha. Kompyuta ilidhani ni mwezi wa kwanza wa mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Ikatoa zamu ya juu. Na ilikuwa wiki ya bondeni.

Akina mama wa bondeni walikaa kwenye kioski cha maji na mitungi yao tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Maji yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyao ndani ya bomba yakienda kwa wengine. Wengine walikuwa na watoto wachanga. Ilipojulikana, maneno yalikuwa mengi. Lililoniuma zaidi ni la mama mmoja aliyesema mbele yangu, bila kujua mimi ni nani, "Labda Madam sasa anatupangia zamu kutoka huko aliko."

Watu walicheka, nami nikatazama viatu vyangu.

Ofisi ilikuwa imejaa, Shangazi. Kamati yote, na wa bondeni mlangoni, na wa juu dirishani. Nilizima ukutani, nikachomoa waya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili iishe nguvu iliyobaki ndani, kama ulivyonifundisha. Nikafungua. Nilikagua kile kifuniko kidogo cha kufutia kumbukumbu, kilikuwa mahali pake. Nikasafisha kishikio cha betri, hakikuwa na kutu, na kilikuwa kimebana vizuri. Nikaitoa betri kwa ile bisibisi bapa.

Kisha nikatoa taa nyekundu. Nikaishika mkononi. Watu wote walikuwa wananitazama, na Mama Mwenyekiti akasema, "Haya mtoto, tuambie."

Nilipaswa kuimba. Nilijua kabisa. Nilifungua mdomo, nikaona macho yale yote, nikaufunga. Nikairudisha taa mkobani. Nikagusisha mita kwenye betri tupu, haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Ikaandika tatu kamili.

Nikasema, "Betri ni nzima." Sauti ilikuwa ndogo, wakaniambia nirudie. Nikarudia. Mama Mwenyekiti akauliza, kama betri ni nzima ugonjwa uko wapi? Nikasema basi ni bodi yenyewe, ile sehemu inayohesabu saa. Akauliza, "Ile Madam alitufungia akasema imepona?" Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Mtu ambaye hasemi, akisema neno moja linasikika.

Siku mbili baadaye neno lilikuwa limeshafika Voi. Mama Rehema aliniuliza akiwa na sindano mdomoni kama ni kweli kwamba Madam alikuwa akiwafungia watu mashine zilizokufa. Hakuuliza kwa ubaya. Nilimwona jinsi alivyosubiri niseme hapana. Na mwalimu mmoja aliyekuwa ameleta kompyuta mbili alipita kuzichukua, akasema atazitafutia fundi mwingine "wa kuhakikisha." Baba naye, jioni tukila, akasema kibanda hakiwezi kungoja mtu anayeogopa hata kusema habari ya asubuhi. Hakujua kwamba safari hii tatizo lilikuwa kwamba nimesema.

Nilikaa kibandani nikafungua daftari hili. Nilikuwa nakutafuta tu. Unajua nilivyokuwa nikipenda unavyoziandika mashine kama wagonjwa. "Ya kanisa: inapenda kuzimika mchungaji akianza hotuba, angalia feni." "Ya duka la mbegu: haina kosa, mwenyewe ndiye ana haraka." Niligeuza kurasa mpaka mwezi wa kumi, nikaikuta ya Sagalla. Niinakili hapa ingawa ni maandishi yako mwenyewe:

"Ofisi ya maji, Sagalla. Bodi nzee lakini imara. Betri imekufa. Mpya tatu nilizopewa dukani zote zimeanguka kabla ya ubeti kwisha, nimezirudisha. Nimeweka ya muda, iliyotumika, imefika mwisho wa ubeti kwa shida. Haitavuka mwaka mpya. Nirudi Desemba na mpya."

Nilisoma mara nyingi. Ulikuwa unajua. Ulipewa betri tatu mpya zinazong'aa ukazikataa, ukaweka kuukuu unayoiamini, na ukaandika siku yake ya kufa. Halafu Novemba ukaondoka wewe. Hakuna aliyesoma ukurasa huu, hata mimi, ambaye daftari lilikuwa mikononi mwangu tangu Krismasi, kwa sababu nilikuwa naogopa kuona mwandiko wako.

Lakini kulikuwa na kitu kisichokaa sawa. Wewe uliandika haitavuka mwaka mpya. Mimi mwezi wa pili nikaipima ikaandika tatu. Kati yetu mmoja alikuwa amekosea. Nilikaa na hilo mpaka chai ikapoa. Kisha nikajiuliza swali jepesi: kati ya Shangazi aliyeimba na Wakesho asiyeimba, nimwamini nani?

Nikafunga kibanda, nikaenda kutafuta betri mpya. Za kwanza mbili ziliporomoka. Ya tatu ilisimama. Nilijuaje? Niliimba, Shangazi. Niliporudi kibandani, mlango nimeurudisha, sauti kama ya mbu. Upande wa pili wa mabati cherehani ya Mama Rehema ikanyamaza. Akasema, "Umeanza chini mno, mwanangu. Panda." Nikapanda.

Jumatatu ya pili baada ya safari ile nilirudi Sagalla. Kompyuta walikuwa wameshaitoa nje, iko kwenye ngazi ya ofisi imefunikwa gunia, inasubiri gari la kuishusha. Mzee Mwadime alikuwa ameketi karibu nayo kama anayekesha maiti. Aliponiona alisimama, akataka kusema kitu, akakaa tena. Ndani kamati ilikuwa imeanza kikao, wanapanga zamu kwa mkono na wameshagombana mara mbili.

Nilisimama mlangoni. Nilisema hodi. Sijui ni mara ngapi, lakini mara ya mwisho walinisikia.

Nikawaambia hivi, na nimeyakariri kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima nyuma ya yule wa bodaboda, mpaka akaniuliza kama naongea na yeye: "Siku ile niliwaambia bodi ni mbovu. Sikupima sawasawa. Madam alinifundisha namna ya kupima na mimi niliona haya. Naomba nipime tena mbele yenu."

Mama Mwenyekiti alinitazama. Akasema, "Na ukipata jibu lingine, tutajuaje ni lipi la kweli?"

Nikasema, "Mtaona wenyewe. Taa itawaambia."

Waliiingiza mashine, wakaiweka mezani. Nikatoa betri, nikaunganisha taa nyekundu. Ikawaka vizuri kabisa. Mita ikaandika karibu tatu, kama mara ile. Nikasikia mtu mlangoni anasema, "Si hiyo inawaka?" Na mwingine, "Tulia."

Nikaanza kuimba.

Shangazi, mstari wa kwanza ulitoka kama kitu kinachokwaruzwa. Kuna aliyecheka, na mzee mmoja wa kamati akauliza kwa sauti, "Huyu anapima betri au anapima imani yetu?" Wakacheka wote. Masikio yaliniwaka. Sikuacha. Niliyaweka macho kwenye namba kama wewe. Mbili nukta nane. Mbili nukta sita. Mstari wa pili. Kicheko kilianza kupungua, maana taa nayo ilikuwa inapungua. Mbili nukta tatu, na nilikuwa bado sijafika katikati ya ubeti. Hapo nikasikia sauti nyingine nyuma yangu, ya chini, ya mzee, imeingia kwenye wimbo mahali pake hasa. Alikuwa Mzee Mwadime. Tukaenda naye mpaka mwisho. Taa ilizimika kabla yetu. Lilibaki doa dogo jekundu, kisha likatoweka.

Nikasema, "Betri ndiyo iliyokufa. Bodi ni nzima. Madam aliandika kwamba hii ni ya muda na haitavuka mwaka mpya. Aliandika atarudi Desemba." Nikafungua daftari, nikampa Mama Mwenyekiti asome. Alisoma kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde, wa dirishani nao wakasikia. Alipofika "nirudi Desemba" alipunguza sauti.

Kisha akauliza lile swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake: kama ilikufa mwaka mpya, mbona hizo wiki zote zamu zilitoka sawa? Na mbona inawaka vizuri ikianza?

Mzee Mwadime akasema, "Ni mimi."

Alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Alisema wiki ya mwaka mpya aliona tarehe imerudi nyuma. Alikuwa akikutazama ulipokuwa ukifungua mashine, kwa hiyo anajua betri inakaa wapi. Akaitoa, akaianika juani juu ya bati la tangi, kama afanyavyo zile za redio yake. Mchana kutwa. Akairudisha, akaweka tarehe kwa kutazama kalenda, kama ulivyomwonyesha. Ikashika siku mbili tatu, ikachoka tena. Akaianika tena. Ikawa ndiyo kazi yake kila wiki, na Jumatatu alfajiri alihakikisha tarehe ni sawa kabla Mama Mwenyekiti hajafika. Isipokuwa ile Jumatatu ya kliniki. Na siku niliyokuja mimi, ilikuwa imetoka juani asubuhi ile ile.

Mama Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee, kwa nini hukusema?"

Akajibu, "Watu wangesema Madam alituwekea betri mbovu. Na yeye hayupo wa kujibu."

Nilimtazama yule mzee. Yeye ambaye hukuwahi kumfundisha chochote ila kuweka tarehe alipanda juu ya tangi kila wiki, na macho yake yale, kulilinda jina lako. Na mimi uliyenifundisha miaka miwili nilishindwa kuimba ubeti mmoja. Nilimpa betri ile aishike. Nikamweleza kwamba jua linaipa nguvu ya kujionyesha tu. Ikiguswa na mita inajikaza, kama mgonjwa anayeketi wima daktari akiingia, lakini mzigo wa usiku kucha haiuwezi, na kila inapoanikwa inazidi kukauka. Alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe nilikuwa namtesa."

Niliogopa watamkemea. Mama Mwenyekiti ndiye aliyecheka kwanza. Akasema, "Mwacheni mzee. Hata ya redio yangu iko juu ya paa sasa hivi." Na mwingine akasema yake anaiuma kwa meno. Na yule mama wa bondeni aliyesema siku ile unatupangia zamu kutoka huko uliko alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alikuja mpaka mezani, akanigusa bega, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua wewe ni wake." Nikasema, "Mimi ndimi niliyesema vibaya zaidi."

Nikaweka betri mpya. Alama ya jumlisha juu, nimeishika ukingoni nisiitie jasho. Nikawasha, nikaweka tarehe, na Mzee Mwadime akaihakiki kwenye kalenda. Kisha nikamwomba azime ukutani, kama azimavyo kila jioni. Tukangoja. Walileta chai, tukanywa, wakanena habari za ndovu walioingia shamba moja licha ya mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuwafukuza. Chai ilipokwisha, nikamwambia Mzee awashe.

Hakuna ujumbe wa kulalamika. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile, na dakika zile tulizokunywa chai zote zilikuwa zimehesabiwa. Mama Mwenyekiti akachapisha karatasi, akaibandika. Bondeni. Akina mama waliokuwa mlangoni hawakusema asante wala nini, waliinua mitungi yao wakashuka mbio, nami nilipenda hivyo. Wewe nawe ungependa. Ulikuwa ukisema kazi nzuri ni ile watu wanayoisahau kabla hujafunga mkoba.

Mzee Mwadime aliomba abaki na ile betri ya zamani. Nikamwachia. Alisema hataianika tena.

Nilipofika Voi nilimwambia Mama Rehema yote, hata pale pa "ndiyo." Sasa ndiye anayewaeleza wateja, na anaieleza vizuri kuliko ilivyokuwa. Yule mwalimu alirudi na kompyuta zake mbili. Baba amepaka rangi kibao chako upya. Ameacha jina lile lile. Nilimwambia aliache.

Bado naona haya, Shangazi. Nisikudanganye. Watu wakiwa wengi viganja vinanitoka jasho. Lakini ukurasa wako wa Sagalla ulikuwa umebaki wazi, na wewe hukuwahi kuacha mgonjwa bila kumfungia hesabu yake. Kwa hiyo chini ya maneno yako, "Nirudi Desemba na mpya," nimeandika kwa kalamu yako ile ya bluu: "Tumechelewa. Tumerudi."

Ahadi yangu ni hii. Kila betri itakayoingia kwenye kibanda hiki itapata ubeti wake mzima, hata kama mlangoni kumejaa watu. Wakicheka, wacheke. Na nikikosea wimbo katikati, sitakadiria. Nitaanza tena toka mwanzo.

Pumzika wewe, Shangazi. Mzigo nimeushika.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Wakesho